Lusitania haikuiingiza Marekani vitani papo hapo

Wengi husimulia hivi: Wajerumani waliizamisha meli ya abiria Lusitania, Marekani ikaghadhibika, ikaingia Vita Kuu ya Kwanza. Kalenda inakataa. Nyambizi U-20 iliipiga meli hiyo kwa topido karibu na pwani ya Ireland tarehe 7 Mei 1915, nayo ikazama kwa dakika 18 tu. Walikufa watu wapatao 1,200, wakiwemo Wamarekani zaidi ya 120. Marekani ilitangaza vita tarehe 6 Aprili 1917. Karibu miaka miwili baadaye!

Muda huo wote Rais Wilson alikuwa akipeleka Berlin barua za malalamiko. Hata hizo, waziri wake wa mambo ya nje, Bryan, aliziona kali mno, akajiuzulu. Mwaka 1916 Wilson alichaguliwa tena, wapiga debe wake wakijivunia kwamba ameiepusha nchi na vita. Hiyo si serikali iliyokuwa ikikimbilia silaha.

Kilichogeuza mambo ni kwamba Februari 1917 Ujerumani ilianza tena kuzamisha meli bila onyo, kisha ikafichuka telegramu ya waziri wake Zimmermann ikiishawishi Mexico iungane nayo dhidi ya Marekani.