Misitu ya mvua enzi ya barafu: tunayoambiana na yaliyotokea

Mtu akipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kabla hajafika kambi ya Mandara atakuwa ameshaambiwa kwamba msitu ule uko vilevile tangu enzi na enzi. Mimi mwenyewe nimekua nikiamini hivyo. Lakini hatua chache juu ya Mandara kuna kreta ya Maundi, na tope lake lina habari nyingine.

Dhana: msitu wa mvua haubadiliki.

Watafiti walichimba tope la Maundi, kwenye mwinuko wa mita 2,780 hivi, wakasoma chavua, yaani unga wa maua, iliyotua humo kwa takriban miaka 90,000. Chavua haiozi upesi ikiwa imefunikwa na tope lenye maji, na kwa umbo lake hujulikana imetoka kwenye mmea gani. Inaonyesha kwamba enzi ya barafu ya mwisho, yaani kipindi kirefu ambacho dunia ilipoa na barafu ikatanda, ilipopamba moto, miaka kama 21,000 iliyopita, mimea ya ukanda wa juu iliteremka na msitu ukasukumwa chini. Milima yetu ilikuwa na baridi kuliko leo kwa nyuzijoto 4 hadi 5. Anayetaka kuonja kiasi cha tofauti hiyo apande gari Moshi mjini akashuke Marangu jioni ya Julai bila sweta.

Dhana: barafu ndiyo iliyoifunika misitu.

Hapana. Kibo na Mawenzi vilikuwa na barafu kubwa kuliko tunayoiona leo, ila misitu ya tambarare za tropiki haikuguswa nayo. Kilichokuja huku ni ukame. Bahari zilizopoa zilitoa mvuke kidogo, mvua ikapungua, na hata Ziwa Victoria lilikauka kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita.

Dhana: basi ni ukame tu uliopunguza miti.

Hili ndilo husahaulika zaidi, nami naliona ndilo zito. Hewani kulikuwa na kabonidioksaidi ya sehemu 190 hivi kwa milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa 280, na leo imepita 420. Mti hutengeneza chakula chake kwa hewa hiyo. Ikipungua, inaubidi ufungue zaidi vitundu vya majani ili uipate ya kutosha, na kila vikifunguka maji yanapotea. Kwa hiyo mti uliona kiu hata pale mvua ilipokuwa si haba. Nyasi nyingi za nchi za joto zina namna yao ya kukusanya hewa hiyo na kuitumia bila kupoteza maji mengi, ndiyo maana zilisogea pale miti iliposhindwa.

Dhana: misitu yote ilikatikakatika ikabaki visiwa katikati ya nyika.

Mwaka 1969 Jürgen Haffer, mtaalamu wa ndege, alipendekeza kwamba Amazon, msitu mkubwa wa Amerika ya Kusini, ilivunjika vipande hivyo, na ndege waliotenganishwa humo wakageuka spishi mpya. Wazo lake lilienea sana. Kisha Paul Colinvaux na wenzake wakasoma chavua ya Ziwa Pata, ndani ya Amazon ya Brazili, wakakuta kwamba hapo msitu haukuondoka. Uliingiwa na miti ya baridi, ikiwamo jamaa wa podo wetu wa Kilimanjaro, ikaota bondeni pamoja na miti ya joto. Kila aina ya mti ilihama kivyake, na michanganyiko mingine ya wakati ule leo huipati popote. Kwingine msitu ulirudi nyuma kweli, kama pembezoni mwa Kongo, kwa hiyo jibu la Amazon usilibebe ukalitua kila mahali.

Huku kwetu, Usambara na Uluguru hupata unyevu wa Bahari ya Hindi, na unyevu huo haukukatika hata bara lilipokauka. Chavua ya kinamasi kimoja cha Uluguru, inayorudi nyuma miaka 48,000 hivi, inaonyesha msitu wa mlimani ukiwapo muda wote huo, na kilele cha baridi kikiwamo.