Je, wajua? Theluthi ya wanawake hutimia Mombasa, Nairobi ikagoma

Mpiga kura wa Kisauni au Likoni hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Mbona basi Bunge la Kaunti ya Mombasa hutimiza sharti hilo, na Bunge la Taifa halijalifikia tangu 2013?

Ni hesabu tu. Kwa kaunti, kifungu cha 177 kinaagiza viti maalum viongezwe baada ya kura za wadi, mpaka theluthi ipatikane. Mombasa ina wadi 30. Wakishinda wanaume watupu, wanaongezwa wanawake 15, jumla 45. Wakishinda wanawake watano, nyongeza inashuka hadi wanane. (Viti vichache vya vijana na walemavu nimeviweka kando.)

Bunge la Taifa halina nyongeza hiyo. Kifungu cha 97 kimefunga idadi: majimbo 290, wanawake 47 wa kaunti, wateule 12. Theluthi ya hao 349 ni 117. Ukitoa wale 47, wanabaki 70 wa kutafutwa, wengi wao majimboni, na mwaka 2013 wanawake walioshinda majimbo walikuwa 16. Mahakama ya Juu ilitaka sheria ya kuziba pengo ifikapo 27 Agosti 2015. Haikupitishwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge, halikuvunjwa. Mimi sishangai: nani atatoboa dau analosafiria?

Wapo wanaoviita viti vya wanawake vya bure. Mishi Mboko aliingia Bunge 2013 kama mwakilishi wa wanawake wa Mombasa. 2017 akagombea jimbo la Likoni akashinda, na 2022 akalitetea.

Kwa makabila madogo hakuna hata hesabu. Kifungu cha 100 kinaliachia Bunge litunge sheria ya kuwainua, lakini jimbo humwendea mwenye kura nyingi, basi. Jamii ndogo iliyotawanyika pwani, mfano Wapemba, haijazi jimbo hata moja. Na hao walitambuliwa rasmi 2023. Kabla ya hapo wengi wao hawakuwa hata na kitambulisho cha kujiandikishia kura.