Kabla ya kununua klimatizeri: hesabu ya nyumba ya Lubumbashi kwa Oktoba na kwa Julai

Wateja wengi wanaponipigia simu huwa wameshachagua klimatizeri, yaani kiyoyozi, na kwangu wanataka bei ya kuifunga tu. Mimi huomba kwanza kuiona nyumba, ikiwezekana saa saba mchana, kwa sababu mji wetu hauna joto la mwaka mzima: tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, usiku wa Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na mchana wa Oktoba joto hupita nyuzi 30. Nyumba ileile inahitaji kupozwa kwa majuma machache na kutiwa joto kwa majuma mengine machache, na katika miezi iliyobaki ventilateri (feni) ya wati 60 inatosha.

Hesabu huianza na Oktoba. Karibu na tarehe 24 ya mwezi huo jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wetu kabisa, wakati mvua bado hazijakolea na mawingu ni machache. Jua hurudi utosini katikati ya Februari pia, lakini wakati huo mvua na mawingu hutukinga. Kwa hiyo joto linalotutesa Oktoba huingia zaidi kwa paa kuliko kwa madirisha, na mwenye nyumba anayehangaikia mapazia huku juu yake kuna mabati matupu anaziba tundu dogo na kuacha mlango wazi.

Mama mmoja wa Kampemba, hapa hapa mjini, alitaka viyoyozi viwili vya BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Sebule yake haikuwa na dari. Nilipoelekeza kipimajoto changu chini ya bati kilisoma nyuzi 57, nikamwambia: “Mama, hapa utapoza malata, hutapoza watu.” Akanijibu: “Fundi, umekuja kuuza ao umekuja kufukuza biashara?” Tulianza na dari, tukaacha matundu ya hewa kwenye kuta za pembetatu chini ya paa ili joto la darini lipate pa kutokea, tukapaka bati rangi nyeupe. Sebule ilibaki na ventilateri, na chumba cha kulala cha mita 3.5 kwa 4 kikatoshelezwa na kiyoyozi kimoja cha BTU 9,000.

Namba hiyo huwachanganya watu. BTU 9,000 kwa saa ni kilowati 2.6 za joto linalotolewa chumbani. Umeme unaoliwa ni mdogo kuliko huo, kwa kawaida chini ya kilowati moja. Kwa chumba chenye dari mimi hukadiria BTU 600 kwa kila mita ya mraba, kisha naongeza kidogo ikiwa ukuta wa magharibi hauna kivuli. Kununua kubwa zaidi “kwa usalama” ni kosa ambalo nililifanya nyumbani kwangu: kwa ushauri wa muuzaji nilifunga BTU 18,000 katika chumba kidogo, na mashine ikawa inawaka na kuzima kila dakika chache, ikipoza hewa bila kuikausha, hata shuka zikawa na unyevu msimu wote wa mvua.

Sasa baridi ya Julai. Wengi huingiza mbabula (jiko la makaa) ndani na kufunga madirisha, na hapo sina lugha laini: makaa yanayowaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Hita ya umeme ni salama zaidi, ila kila wati inayokula hugeuka wati moja tu ya joto. Kiyoyozi chenye uwezo wa kugeuza mzunguko wa gesi yake huchota joto kutoka hewa ya nje na kulileta ndani, na kwa baridi kama yetu wati moja ya umeme huleta takriban wati tatu za joto. Tofauti ya bei dukani mara nyingi ni ndogo, kwa hiyo simshauri mtu yeyote wa hapa anunue kiyoyozi kinachopoza tu.

Tena kiwe cha inverta. (Neno hili lina maana mbili mjini: kuna inverta ya betri za sola, na kuna inverta iliyo ndani ya kiyoyozi, inayopunguza mwendo wa kompresa, yaani pampu ya gesi yake, badala ya kuizima.) Kompresa ya kawaida inapowaka huvuta ghafla umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, na jenereta ndogo huzimika papo hapo; kompresa ya inverta huanza polepole. Hata hivyo lazima mashine iwe na regilateri (kifaa cha kusawazisha umeme), pamoja na kifaa cha kuichelewesha dakika tatu umeme unaporudi.

Wakati wa kufunga, kagua mabomba. Ni aibu, katika mji uliojengwa juu ya shaba, kufungiwa alumini ambayo huliwa na kutu pale inapoungana na shaba ya mashine na kuvujisha gesi. Yule mama wa Kampemba aliniita tena Agosti, akisema mashine imechoka. Nilifungua vichujio, nikavikuta vimejaa vumbi jekundu la kiangazi. Tukaviosha kwenye beseni, vikakauka kivulini, na kabla ya saa kumi chumba kilikuwa na joto.