Kushirikishwa sio kusainishwa mahudhurio

Neno ushirikishwaji nimelisikia tena wiki hii, safari hii kwenye kikao cha mtaa wetu kuhusu ukumbi mpya wa jamii ambao upande mmoja utakuwa kituo cha wazee. Tumefika tumekuta ramani imeshabandikwa ukutani, muhuri umeshapigwa, mkandarasi kakaa meza kuu na chupa yake ya maji, tukaelezwa nusu saa, karatasi ya mahudhurio ikazunguka tukasaini, halafu mtu mzima akasimama akasema "tunashukuru kwa ushirikishwaji wenu". Nikasema hapana, leo ngoja niliandike.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Ushirikishwaji wa wananchi ni kuwaingiza watu kwenye kufikia uamuzi wa jambo linalowahusu, wakati uamuzi bado haujafikiwa. Basi. Kinachonikera ni watu kulitumia neno kama vile halina mzizi, na mzizi wake ndo wenye utamu wote.

Shiriki limetoka kwenye Kiarabu, mzizi wa herufi tatu, shini, ra na kafu, na maana yake ni kuwa na fungu kwenye kitu pamoja na mwenzio. Sio kuwepo tu jamani, kuwa na FUNGU. Angalia ndugu zake wengine kwenye Kiswahili, wote wameshika maana hiyohiyo. Shirika ni watu waliounganisha mitaji au nguvu zao. Ushirika ni ule wa wakulima wa kahawa kule Kilimanjaro walioanzisha chama chao kikuu mwaka 1933, na mwanaushirika ana hisa yake na kura yake, hakai pale kupiga makofi. Halafu kuna shirki, hili ndo linalonimaliza kabisa, kwa Waislamu ni dhambi kubwa kuliko zote, kumpa Mungu mwenza kwenye uungu wake, na kutoka hapo tukapata ushirikina ambao siku hizi tunautumia kwa mambo ya waganga na hirizi. Sasa fikiria, kama kumshirikisha mtu ingekuwa ni kumwambia tu habari, kwa nini shirki iwe dhambi kubwa namna ile? Ni kwa sababu mshirika anahesabika kuwa na sehemu kwenye mamlaka. Ndo uzito wa neno ulipo, na sisi tumelishusha mpaka limekuwa jina la karatasi ya mahudhurio na soda moja.

Kisha kuna hiyo herufi w ya kwenye ushirikishwaji. Ushiriki ni mtu mwenyewe kushika fungu lake. Ushirikishaji ni kazi ya yule anayewaingiza wenzake. Ushirikishwaji ni hali ya kuingizwa, yaani mwananchi hapo ni mtendwa, anangoja afanyiwe. Sisemi neno ni kosa, limeshazoeleka na litaendelea kuwepo, ila ona Katiba yetu ya Tanzania ilivyoandikwa. Ibara ya 8 inasema wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao, na ile ya 21 inampa kila raia haki ya "kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi" juu ya mambo yanayomhusu. Kufikia uamuzi, sio kupokea uamuzi uliofikiwa. Kuwashirikisha nako kumo, ibara ya 146, lakini pale ni haki na mamlaka wanayopewa serikali za mitaa, wao ndo wenye kufungua mlango, na ibara hiyohiyo imeanza kwa kusema serikali hizo zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka, sio matangazo!

Wenzetu wa mipango miji wana ngazi moja maarufu ya kupima ushirikishwaji wa wananchi, ilichorwa na Mmarekani Sherry Arnstein mwaka 1969, ina vipandio vinane. Kupashwa habari ni kipandio cha tatu, kuulizwa maoni ni cha nne, kugawana maamuzi kunaanzia cha sita. Sisi siku ile tulikuwa cha tatu, tena nimekuwa mpole.

Na hasara yake haikukawia kuonekana. Bibi mmoja wa jirani, miaka sabini na kitu, sera ya taifa inamhesabu mzee tangu alipofika 60, aliinuka taratibu akauliza swali moja tu, choo kipo wapi. Kipo nyuma, unashuka ngazi nne, na ni cha kuchuchumaa. Kwenye kituo cha WAZEE. Akauliza tena kama hata chuma cha kushikilia kitakuwepo, akajibiwa maoni yamepokelewa. Mzee mmoja wa kijiwe cha bao, pembeni yangu, akanong'ona kwamba wao walichotaka ni kivuli na mabenchi yenye egemeo, na mtu wa kuwapima presha walau mara moja kwa wiki, ila hakuna aliyewahi kupita kuwauliza, na pale kijiweni wapo kila siku tangu saa nne asubuhi.

Kwa hiyo ombi langu kwa anayeandika muhtasari wa kikao kile, bila ugomvi. Pale ulipoandika "wananchi walishirikishwa", weka "wananchi walitaarifiwa". Ni neno zuri tu, halina aibu, na ndicho kilichotokea. Lile lingine liache kwanza, maana msingi haujachimbwa na choo bado kinaweza kuhamishwa, mkiketi na yule bibi na ramani mezani mtakuwa na haki ya kuliandika.