Shule imempima mwanangu mwenye usonji na sikubaliani nayo: maswali ya wazazi Waswahili walioko Marekani

Nimekaa kama mkalimani kwenye vikao vingi vya shule. Mwalimu anasukuma ripoti mezani, mama anaitazama, kisha ananinong'oneza: "Nikikataa watamfukuza?" Hawamfukuzi. Haya hapa ni maswali ninayoulizwa mara kwa mara nikiwa naye kwenye maegesho, kikao kikiwa kimeshakwisha.

Hospitali imeshasema ana usonji. Shule inapima nini tena?

Daktari anaangalia kama dalili zinatosha kuitwa usonji. Shule ina swali lake: je, hali hiyo inamzuia kusoma kiasi cha kuhitaji elimu maalumu? Ndiyo maana mtoto anaweza kuwa na barua ya daktari na bado akaambiwa hastahili huduma. Sheria inayosimamia mambo haya inaitwa IDEA. Ilianzia mwaka 1975, na usonji ukaingizwa humo kama kundi linalojitegemea mwaka 1990. Inataka mtoto apimwe katika kila eneo linalotiliwa shaka, na hairuhusu kipimo kimoja kiamue kila kitu. Kwa usonji jambo hilo ni zito. Kipimo cha akili peke yake hakikuambii mtoto anachezaje na wenzake, wala kwa nini anaziba masikio kengele ikilia.

Tathmini huru ni ipi?

Ni upimaji unaofanywa na mtaalamu mwenye sifa ambaye hajaajiriwa na wilaya ya shule ya mtoto wako. Shule ikishampima na usikubaliane na ilichokipata, una haki ya kuomba apimwe upya na mtu wa nje, bila wewe kulipa. Shika hilo neno "ikishampima". Kama bado, anza kwa kuiandikia shule impime. Ukishatia saini kuruhusu apimwe, sheria ya taifa inawapa siku 60, ingawa jimbo lako linaweza kuwa na muda wake. Na haki hii ni mara moja kwa kila tathmini ya shule unayoipinga.

Lazima nieleze kwa nini sikubali?

Hapana. Wanaweza kukuuliza, lakini hulazimiki kujibu, na wao hawaruhusiwi kuchelewesha ombi kwa sababu umenyamaza. Barua fupi inatosha: "Sikubaliani na tathmini mliyomfanyia mwanangu. Naomba tathmini huru kwa gharama ya umma. Nitumieni masharti yenu na taarifa za mahali inapopatikana." Weka jina la mtoto na tarehe ya ripoti yao, basi. Tuma kwa barua pepe, hata kama mmeshaongea vizuri na mwalimu mkuu mlangoni. Maneno ya mlangoni hayana tarehe.

Wanaweza kukataa?

Hawawezi kukataa wakakaa kimya. Wana njia mbili, na hawapaswi kujivuta: wagharamie tathmini huru, au wafungue shauri la elimu (due process), yaani kesi mbele ya mwamuzi asiye wa shule, wathibitishe kwamba tathmini yao ilikuwa sawa. Wakishinda, bado unaweza kumpima mtoto nje, ila mfuko unakuwa wako. Shauri lina gharama zake, nao wanalijua hilo.

Mwanangu anaongea Kiswahili nyumbani. Wamempima kwa Kiingereza. Ni sawa?

Hapa ndipo ningekushauri usome ripoti mstari kwa mstari. Sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha na namna itakayoonyesha kweli anachokijua na anachokiweza, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kabisa. Vipimo vingi vilitengenezwa kwa watoto waliokua na Kiingereza. Mkalimani akitafsiri maswali papo hapo, alama zake haziwezi kulinganishwa hivi hivi na za watoto hao, na mpimaji mwaminifu ataliandika hilo kwenye ripoti.

Halafu kuna mambo ya malezi. Kipimo kimoja maarufu cha usonji kina mchezo wa kumfanyia mwanasesere sherehe ya kuzaliwa, na keki na mishumaa. Mtoto aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, huenda hajawahi kuzima mshumaa wa keki maishani mwake. Akiukodolea macho tu, ni usonji au ni ugeni? Vivyo hivyo mtoto aliyefunzwa kutomkazia macho mtu mzima: adabu ya nyumbani inaweza kuhesabiwa kuwa dalili.

Kosa la upande wa pili ndilo linaloniumiza zaidi. Mtoto haongei, shule inasema, "Anajifunza Kiingereza, mpeni muda." Muda unapita. Swali linalosaidia ni hili: kwa Kiswahili je? Anaitika jina lake bibi akimwita? Ananyoosha kidole kukuonyesha ndege angani? Anakuletea kitu ili mkitazame pamoja? Usonji haukai katika lugha moja tu. Kama ukimya uko shuleni peke yake, hiyo ni habari moja. Kama uko mpaka jikoni kwenu, andika mifano na mpe mpimaji. Video fupi za simu nazo zinasaidia. Ila kaka yake wa darasa la saba asifanywe mkalimani.

Nani anachagua mpimaji?

Shule inaweza kukupa orodha, nawe unaweza kupendekeza aliye nje yake, mradi atimize masharti yao ya sifa na ya mahali. Mpigie kwanza, umuulize: umewahi kupima watoto wa lugha mbili? Utapimaje lugha ya nyumbani? Akisita, endelea kutafuta.

Sina makaratasi ya uhamiaji.

Mtoto ana haki ya shule ya umma. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982, na huduma za elimu maalumu zimo humo.

Ripoti mpya ikitoka, shule inalazimika kuifuata?

Inalazimika kuizingatia, haifungwi nayo. Kwa hiyo isome kabla ya kikao, hasa sehemu ya mapendekezo, na umwombe mpimaji aje au apige simu aieleze mwenyewe. Mkalimani kwenye kikao cha IEP, ule mpango wa elimu wa mtoto, ni wajibu wa shule, kwa hiyo usimlipe wewe. Kila jimbo lina kituo cha kusaidia wazazi wa watoto wenye ulemavu, na huduma yake ni bure. Wapigie kabla ya kikao. Na shule ikikataa pendekezo fulani, tuseme saa za tiba ya mazungumzo, waambie wakupe sababu kwa maandishi. Wanatakiwa kukuandikia kwa lugha unayoielewa, na Kiswahili kimo, isipokuwa pale ambapo haiwezekani kabisa.