Je, wajua kwa nini kompyuta ya miaka ya 1980 haifai kuwashwa siku inapotolewa kabatini?

Ukikuta kompyuta ya nyumbani ya zamani, ile ambayo kibodi na bodi vimo ndani ya ganda moja na skrini yake ni televisheni, mkono unakimbilia swichi. Unafuta vumbi, unachomeka waya, unabonyeza. Pengine inawaka. Pengine ilikuwa nzima mpaka sekunde ile, na swichi ndiyo iliyoiua.

Mashine yenyewe mara nyingi haina kosa. Kosa liko kwenye adapta. Chukua Commodore 64, iliyoingia sokoni mwaka 1982 ikiwa na kilobaiti 64 za kumbukumbu. Adapta yake ya nje hutoa umeme wa aina mbili: volti 5 za DC (umeme wa mkondo mmoja) zinazolisha chipu nyingi, na volti 9 za AC (umeme wa kwenda na kurudi) ambazo bodi yenyewe huzigeuza kwa mahitaji mengine. Adapta nyingi za awali zilimiminiwa epoksi, gundi ngumu, ndani, ikaganda juu ya vipuri vyote. Joto halina pa kutokea, na fundi hana pa kuingilia. Katikati ya bonge hilo kuna kidhibiti kinachoushusha umeme mpaka ufike volti 5. Ungetarajia kikichoka kikate umeme. Kumbe mara nyingi hufanya kinyume: huuachia upite, volti 6, volti 7, hata zaidi, moja kwa moja kwenye chipu zilizoundwa kwa volti 5. Chipu za kumbukumbu huwa miongoni mwa za kwanza kuungua.

Ndiyo maana fundi anayezijua mashine hizi huanza na multimita, kifaa cha kupimia umeme, kompyuta ikiwa bado haijaunganishwa. Anataka kuona kati ya volti 4.75 na 5.25. Hapo pia hajamaliza, kwa sababu adapta inayopima vizuri ikiwa baridi huweza kupanda baada ya kupata moto. Mimi nisingeiamini adapta ya asili ya Commodore 64 hata ikipima sawasawa. Adapta mpya bado hupatikana. Chipu ya sauti ya mashine hiyo, SID, haitengenezwi tena.

Adapta ya kuazima nayo ina mtego wake. ZX Spectrum ya Uingereza, ya mwaka huohuo wa 1982, hutumia volti 9 za DC, lakini hasi iko katikati ya plagi na chanya iko nje. Adapta nyingi za leo ni kinyume cha hapo. Plagi itaingia vizuri kabisa, na madhara yatafuata.

Zipo pia mashine zenye kigeuza umeme ndani ya ganda lenyewe, kama BBC Micro ya mwaka 1981. Humo hukaa kapasita, kipuri kinachotunza chaji, ya karatasi iliyofunikwa plastiki angavu, ambayo kwa miaka hupasuka nyufa ndogondogo na kunywa unyevu wa hewani. Ukiwasha, inaweza kutoa moshi mzito unaonuka vibaya. Hubadilishwa hata kama bado inafanya kazi. Lakini sehemu hiyo imeunganishwa na umeme wa ukutani, na kapasita zake kubwa huweza kubaki na chaji baada ya waya kuchomolewa. Asiye na uzoefu amwachie fundi. Na televisheni ya kioo kinene isifunguliwe kabisa. Ndani yake mna maelfu ya volti.

Adapta ikishapita mtihani, swichi bado inasubiri. Fungua ganda kwanza utazame. Amiga 500 Plus ya mwaka 1991 ina betri ndogo ya nikeli na kadimiamu iliyochomewa juu ya bodi ili saa isisimame. Betri hiyo huvuja alkali, nayo hutambaa juu ya bodi ikila njia za shaba, ikiingia ndani ya soketi, na kuacha unga wa kijani na bluu. Kompyuta iliyohifadhiwa kwa upendo, kwenye boksi lake, bila kuguswa, inaweza kuoza hivyo kimyakimya. Betri hukatwa na kuondolewa. Pale palipovujiwa husuguliwa kwa mswaki wenye siki kidogo, kwa kuwa asidi huizima alkali, kisha huoshwa kwa alkoholi ya isopropili na kuachwa pakauke kabisa. Njia ya shaba iliyokatika huunganishwa kwa waya mwembamba.

Sasa washa. Skrini nyeusi.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa skrini nyeusi haisemi chochote. Ila ukijua kwa nini haisemi, umeshapata pa kuanzia. Commodore 64 ikipata umeme, prosesa yake hushikiliwa kidogo, kisha huachiwa, nayo huenda kusoma baiti mbili ndani ya ROM (kumbukumbu ya kudumu, isiyoandikwa upya), kwenye anwani 65532 na 65533. Baiti hizo humwelekeza ilipo programu ya kuanzia. Kila programu hiyo inapoita kipande chake kingine, prosesa huandika kwenye RAM (kumbukumbu ya kazi) mahali pa kurudi. Huku nyuma chipu inayoitwa PLA huamua, kila inapoombwa anwani, ni nani ajibu: RAM, ROM au chipu ya picha. Ni baada ya hao wote kuelewana ndipo herufi ya kwanza huonekana. Mmoja akiugua, mashine haiwezi kusema ninaumwa, maana sauti ya kusemea inapita kwa mgonjwa huyohuyo.

RAM ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Kwenye bodi za mwanzo kuna chipu 8 za aina ya 4164, na kila moja hutunza biti moja tu kati ya nane za kila baiti. Kwa hiyo chipu moja ikifa, hakuna hata baiti moja iliyo salama. Prosesa huandika mahali pa kurudi, husoma anwani yenye biti iliyogeuka, hupotea njia.

Dawa ya kimya hicho ilibuniwa na watu wenye akili nyingi: katriji ya majaribio, kasha la programu linalochomekwa kwenye mashine, ambayo programu yake haiitegemei RAM kabisa wakati wa kuipima. Kila kitu hushikwa ndani ya rejista, vihifadhi vidogo vilivyo ndani ya prosesa yenyewe. Ikigundua biti mbovu, haiandiki ujumbe. Huifanya skrini iwake na kuzima haraka, na idadi ya mimweko hukuambia ni chipu ipi kati ya zile 8. Mimi huona huo ni ubunifu mzuri kuliko mingi iliyokuja baadaye.

Asiye na katriji hutumia vidole. Baada ya dakika moja au mbili, chipu ya kumbukumbu isiyoshikika kwa moto wakati jirani zake ni vuguvugu imeshajitaja yenyewe. (PLA nayo hupata moto, lakini hiyo ndiyo kawaida yake, ingawa pia hufa mara kwa mara.) Njia nyingine ni kubebesha: chipu nzima huwekwa mgongoni mwa inayoshukiwa, pini juu ya pini, umeme ukiwa umezimwa, kisha mashine huwashwa. Skrini ikibadilika, umempata. Isipobadilika, usimwachie huru, kwani chipu iliyopiga shoti ndani humshinda nguvu mwenzake aliye mgongoni.

Kabla ya kushika solda, zima umeme uchomoe chipu zilizo kwenye soketi, uzirudishe. Miguu yake hushika kutu, na joto la kuwashwa na kuzimwa huzisukuma juu kidogo kidogo. Tatizo hilo liliiandama Apple III ya mwaka 1980 kiasi kwamba wateja walishauriwa kuiinua inchi chache juu ya meza na kuiachia.

ZX Spectrum ina ugonjwa wake. Kilobaiti zake 16 za chini zimo kwenye chipu za 4116, ambazo hutaka volti tatu kwa pamoja: 5, 12 na hasi 5. Ile hasi ikikosekana huku nyingine zipo, chipu huungua. Kwa hiyo fundi hapo hupima volti zote tatu kabla ya kubadilisha hata chipu moja. Akibadilisha kwanza, chipu mpya zitafuata za zamani.

Rudi kwenye Commodore 64 yako. Chipu mbovu imetoka, soketi imewekwa, mpya imekaa. Ukiwasha, skrini hukaa kimya sekunde chache. Hapo mashine inaandika na kusoma kumbukumbu yake, baiti kwa baiti, na husimama penye kosa la kwanza. Kisha hutaja ilichopata. Mashine nzima husoma baiti 38911 zilizo huru kwa programu zako za BASIC, maana sehemu nyingine ya zile kilobaiti 64 hutumiwa na mashine yenyewe. Ikisoma pungufu, usifunge ganda bado.