Arrigo Boito: mhakiki aliyezomewa kwa opera yake mwenyewe

Wengi wanamjua Arrigo Boito kama mtu aliyemwandikia mtunzi Giuseppe Verdi maneno ya opera za Otello na Falstaff. Ni kweli, lakini kabla ya hapo alikuwa mhakiki wa muziki mwenye kalamu kali, na mtunzi ambaye opera yake ya kwanza ilizomewa mpaka ikaondolewa jukwaani. Opera hiyo, Mefistofele, ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, maana ndani yake unaona mhakiki alivyomponza mtunzi, kisha alivyomwokoa.

Alizaliwa Padova, Italia, tarehe 24 Februari 1842. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogondogo, mama yake kabaila kutoka Polandi. Alisomea muziki konsevatori (chuo cha muziki) ya Milano, akahitimu 1861 pamoja na rafiki yake Franco Faccio. Mwaka uliofuata, akiwa Paris na umri wa miaka 20 tu, tayari alikuwa amemwandikia Verdi mashairi ya Inno delle nazioni, kazi iliyoimbwa London mwaka huohuo.

Aliporudi Milano aliingia kwenye kundi la Scapigliatura, vijana waliochoshwa na sanaa ya wakubwa wao, akaanza kuandika uhakiki magazetini. Mwaka 1864 aliendesha jarida la Figaro na mshairi Emilio Praga. Hoja yake ilikuwa moja: opera ya Italia haina umbo, ina mazoea. Mwimbaji anaingia, anaimba wimbo wa taratibu, kunatokea habari, anaimba wa kasi, anaurudia, makofi. Umbo la kweli, kwa maoni yake, lizaliwe na tamthilia yenyewe. Hoja nzuri. Ila mwaka 1863, kwenye karamu ya kumpongeza Faccio, alisoma shairi lililodai kwamba madhabahu ya sanaa ya Italia imechafuliwa kama ukuta wa danguro. Verdi aliona ni yeye anayesemwa, na uhusiano wao haukutengemaa mpaka 1879.

Mtu anayesema hivyo hadharani anasubiriwa na kila mtu. Tarehe 5 Machi 1868 Mefistofele, aliyoitunga na kuiandikia maneno yeye mwenyewe kutoka kwa Faust, tamthilia ya Mjerumani Goethe kuhusu msomi anayefanya mapatano na shetani Mefistofele, ilifunguliwa La Scala, ukumbi wa opera wa Milano. Utangulizi ulishangiliwa. Baada ya hapo mambo yakaharibika, na sababu zake zinahesabika. Onyesho lilikwenda zaidi ya saa tano, kwa kuwa Boito alijaribu kubeba sehemu zote mbili za Goethe, pamoja na baraza la mfalme na kipande kirefu cha okestra peke yake kuhusu vita. Faust alikuwa ameandikiwa baritoni, sauti ya kiume ya kati; ukiweka baritoni na besi, sauti nzito ya Mefistofele, wakiongea usiku kucha, sauti zinalaliana na sikio linakosa mahali pa kushika. Isitoshe, aliongoza okestra mwenyewe. Usiku ukienda vibaya, kiongozi mzoefu hukaza mwendo na kuvuka haraka sehemu dhaifu, na hiyo si kazi ambayo mtunzi anaiweza mbele ya watu wanaomzomea. Walijaribu kuigawa opera iimbwe jioni mbili. Haikusaidia, ikaondolewa.

Hapa ndipo namheshimu. Hakulaumu hadhira, alichukua mkasi. Sehemu kubwa ya muziki wa 1868 haipo tena, lakini kitabu cha maneno kilikuwa kimeshachapwa, kwa hiyo tunajua alichokitupa. Baraza la mfalme lilitoka, vita vikatoka. Faust akawa tenori, sauti ya kiume ya juu. Eneo la gerezani likapata duwa (wimbo wa watu wawili) ya Lontano, lontano, aliyoichomoa kwenye opera nyingine aliyoiacha. Bologna, mji uliokwisha kuizoea Lohengrin, opera ya Mjerumani Wagner, tangu 1871, iliipokea kwa shangwe tarehe 4 Oktoba 1875. Toleo hilo, likiwa na marekebisho machache ya baadaye, ndilo linaloimbwa hadi leo.

Anayetaka kuisikiliza aanze na utangulizi, dakika kama 25. Umejengwa kama simfonia ndogo: ufunguzi wenye kwaya, skerzo (kipande chepesi cha kasi) ya okestra, mazungumzo kati ya Mefistofele na mbingu, skerzo ya waimbaji, na zaburi ya mwisho. Ugumu wake ni umbali. Tarumbeta na kwaya ya mbinguni ziko nyuma ya jukwaa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo kwaya iliyo mita 34 nyuma inamfikia msikilizaji ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwenye zaburi ya taratibu hilo linafichika. Kwenye kwaya ya makerubi, inayoimbwa na watoto na ambayo mistari yake ina silabi tatu tatu na inakimbia, linasikika mara moja. Msaidizi wa kiongozi aliye nyuma ya jukwaa lazima atangulie kidogo kuliko mkono wa kiongozi, na watoto wafuate mkono wake. Wakifuata okestra wanayoisikia, wamekwisha kuchelewa.

Kuna pia wimbo ambao Mefistofele anajitambulisha kuwa roho inayokana kila kitu, kisha anapiga mluzi. Italia, mluzi ndio silaha ya hadhira kwa mwimbaji iliyemchoka. Boito alimpa shetani silaha hiyo, na usiku ule wa 1868 ukumbi ukamrudishia.

Wapenzi wa ushairi wasiruke eneo la Helena, mrembo wa hadithi za Kigiriki ambaye Faust anampenda. Helena na wenzake wanaimba kwa mizani ya kuiga Kigiriki, bila vina. Faust anakuja na mistari yenye vina. Helena anavutiwa, anauliza atajifunzaje lugha tamu namna hiyo, na katika kuuliza na kujibizana mistari yake inaanza kupata vina na ya Faust. Mapenzi yao yanatokea ndani ya ufundi wa shairi, bila maelezo. Wazo ni la Goethe, ila kulifanya liimbike kwa Kiitaliano ni kazi ya Boito.

Mkasi huohuo ndio alioupeleka kwa Verdi. Tamthilia ya Othello ya Shakespeare ina mistari karibu 3,500. Libreto (maneno ya opera) aliyoitoa humo haifiki 800. Tendo zima la Venezia alilitoa, akaanza na dhoruba Kupro, na kumbukumbu za namna Othello na Desdemona walivyopendana akazihamishia kwenye duwa yao ya usiku. Alichoongeza ni Credo ya Iago, wimbo ambao adui huyo wa Othello anatangaza imani yake katika uovu, ambao Shakespeare hana. Otello ilifunguliwa La Scala tarehe 5 Februari 1887, Faccio akiongoza. Falstaff ikafuata 1893.

Kwake mwenyewe mkasi haukumsaidia tena. Opera yake ya pili, Nerone, aliishughulikia kwa miongo kadhaa. Maneno yakachapwa 1901, muziki ukabaki ukifutwa na kuandikwa upya mpaka alipofariki Milano tarehe 10 Juni 1918. Kiongozi wa okestra Toscanini, akisaidiwa na watunzi Vincenzo Tommasini na Antonio Smareglia, aliikamilisha na kuiongoza La Scala tarehe 1 Mei 1924. Ina matendo manne. La tano lina mashairi tu, Boito hakulitungia muziki. Isikilize baada ya Mefistofele, si kabla: okestra yake ni ya fundi aliyekomaa, lakini nyimbo zinazobaki kichwani ni chache.